Kibandiko cha Riale

Kibandiko kilisema hivi: "Riale, 1780. Imechakaa." Nilisimama mbele ya kabati lile la kioo kuliko wageni wenzangu wote, kwa kuwa riale kama ile iko kwa bibi yangu Pangani, imechomelewa kipete cha kupitishia mkufu.

Tuanze na mwaka. Maria Theresa wa Austria alifariki 1780, na tangu hapo tarehe ya sarafu yake haikubadilishwa, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu walikwisha kuiamini sura ile. Vienna iliendelea kuipiga. Miaka ya 1930 zikaja Roma na London, kisha Bombay wakati wa vita. Zote zimeandikwa 1780. Ukitaka kuzitenganisha, unahesabu lulu za kipini kinachofunga vazi begani, unatazama manyoya ya mkia wa tai upande wa pili. Kila muhuri wa chuma una vijitofauti vyake, na hujirudia katika kila sarafu uliyoipiga. Mwandishi wa kibandiko hakutazama. Alinakili.

Lakini neno lililoniudhi hasa ni "imechakaa". Sarafu iliyopita mikononi na sokoni hulika pande zote mbili, ikianzia palipoinuka: nywele juu ya sikio, bega, kifua cha tai. Ile ya kabatini ina kovu ukingoni, palipong'olewa kipete. Tai yuko salama, uso wa malkia karibu umefutika. Basi malkia ndiye aliyelala kifuani. Riale ile ilivaliwa na mtu, miaka na miaka, na mtu huyo hayumo kwenye kibandiko.

Likizo iliyopita nilimwendea Bibi na lenzi. Anasema riale yake ilikuwa ya bibi wa bibi yake. Lulu zimelika zote, hazihesabiki. Akaniuliza kama sonara atampa bei nzuri, maana bati linavuja na masika yanakaribia. Nikamwambia asubiri kidogo, nichunguze kwanza.

Mkia wa tai bado unasomeka, unyoya kwa unyoya. Nimeupiga picha. Vitabu vya kulinganishia viko maktaba, ghorofa ya pili, na huu ni mwezi wa tatu sijapanda ngazi.