Nafsi na Harakati: Usomaji wa Kifeministi wa Tamthiliya ya Nguzo Mama ya Penina Muhando

IKISIRI

Tasnifu hii inachunguza uhusiano uliopo kati ya mabadiliko ya nafsi na mabadiliko ya kisiasa katika Nguzo Mama (1982). Katika tamthiliya hiyo, wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, lakini hadi mwisho nguzo haisimami. Usomaji unaolihusisha anguko hilo na ukosefu wa umoja miongoni mwa wanawake unahojiwa hapa, kwa kuwa unawatwika lawama ya jambo ambalo chanzo chake kimo ndani ya nyumba zao.

Uchambuzi umeongozwa na nadharia ya Ufeministi, hususan hoja iliyoenezwa na insha ya Carol Hanisch iliyochapishwa mwaka 1970, kwamba matatizo yanayoitwa ya binafsi ni ya kisiasa na hudai utatuzi wa pamoja. Mbinu ya usomaji makini imetumika kuchambua majina, wahusika na mtiririko wa matukio.

Matokeo yanaonyesha mambo mawili. Kwanza, wahusika wanaitwa kwa idadi, Bi Moja hadi Bi Nane. Wanahesabiwa kabla ya kusikilizwa. Pili, kinachowatoa kwenye kazi ya nguzo ni mizigo ya nyumbani. Mfano mzito ni wa mjane anayenyang'anywa mali na ndugu wa marehemu mumewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikataza mwanandoa kumpiga mwenzake, lakini haikugusa mirathi. Kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimnyima mjane urithi pale marehemu alipoacha ndugu wa ukoo wake. Kwa hiyo, ujasiri wa mjane peke yake usingetosha kumrudishia mali. Kilio chake kilikuwa tayari ni suala la sheria na dola.

Tasnifu inahitimisha kwamba nguzo haisimami kwa sababu mambo ya nyumbani yalichukuliwa kuwa visingizio badala ya kufanywa ajenda ya harakati. Umoja unaomtaka mwanamke aache shida yake mlangoni hauna msingi wa kusimamia. Inapendekezwa kwamba uhakiki wa tamthiliya za Kiswahili uzisome upya kauli za "ugomvi wa wanawake" kama ushahidi wa kisiasa.