Pongezi kwa Wahunzi wa Sime na Mikuki

Sisi tukaao Ngarenaro, chini ya Mlima Meru, ambao kila uchao twapishana na vijana wa Kimasai na wa Kiarusha wenye sime viunoni, ni nadra kumkumbuka mhunzi aliyeufua ubapa ule, naye ndiye astahikiye shukrani. Zamani chuma kilitoka kwa Wapare, waliokiyeyusha kutoka mchanga wenye madini. Wachaga, hususan wa Mamba, wakakifua kuwa mikuki iliyowafikia Wamasai, ambao nao walikuwa na wahunzi wao, ilkunono, waliotengwa katika ndoa, dhuluma iliyoje, na jamii iliyotegemea mikono yao. Ulaya mafundi hufufua panga za Waviking kwa kuchungua yaliyofukuliwa makaburini. Wahunzi wetu, kinyume chao, hawajapata kuacha kufua. Springi za magari zimeshika nafasi ya chuma cha Upare, lakini umbo limedumu: sime nyembamba penye mpini, ikipanuka kuelekea ncha ili uzito uusaidie mkono. Tena umbo la silaha hizi limevuka malisho, kwani tangu Desemba 1963 ngao na mikuki miwili vimo katika bendera ya Kenya, na katika nembo ya taifa letu mkuki umesimama baina ya shoka na jembe.