Orchestra Makassy: London waliisifu, sisi wenye nayo hatuijui

Bandugu, muulize kijana yeyote wa Baraka muziki wa Kongo ni wa nani. Atakutajia Franco, Koffi, Werrason, Fally, Ferre. Wote wa Kinshasa, na karibu wote kwa Lingala. Muulize sasa muziki wa Kiswahili: atavuka ziwa palepale, akuletee Diamond na Ali Kiba. Yaani kwa hesabu yake, sisi watu wa Mashariki ni wateja tu. Gita tunanunua Kinshasa, maneno tunanunua Dar es Salaam.

Hesabu hiyo haiko sawa, na leo nataka kuonyesha fasi inapopinda. Kulikuwa na kizazi kizima cha wanamuziki Wakongomani walioshika gita la Kongo, wakavuka mpaka, wakaliimbisha Kiswahili mpaka likawa kitu ambacho Kinshasa haikuwa nacho na Dar haikuwa nacho. Bendi ninayoipenda kuliko zote za kizazi hicho ni Orchestra Makassy ya Mzee Makassy. Waandishi wa muziki wa Ulaya waliisifu. Kampuni kubwa ya Uingereza ilitoa santuri yao. Halafu ikapita kama mvua ya Juni.

Tuanze na njia. Kutoka Baraka mpaka Kigoma ni safari ya maji, watu wetu wameifanya tangu babu zao kwa dagaa, kwa vitambaa, kwa vita. Kutoka Baraka mpaka Kinshasa unahitaji ndege, na kabla ya ndege unahitaji barabara, na habari ya RN5 na madaraja yake mnaijua, sina haja ya kuwaudhi. Mwanamuziki wa Mashariki ya Zaire, miaka ya 1970, alifanya hesabu hiyohiyo ya mfanyabiashara: soko liko upande wa mashariki. Ndiyo maana Dar es Salaam na Nairobi zilijaa Wakongomani. Orchestra Maquis walitoka Lubumbashi wakakaa Dar. Ndala Kasheba alikuwa Dar. Baba Gaston alikuwa Nairobi, na vijana waliojitoa kwake mwaka 1976 wakaanzisha Les Mangelepa. Super Mazembe walipita Zambia, wakafika Nairobi mwaka 1974. Samba Mapangala alipita Kampala kwanza.

Makassy walikuwa Dar. Pale walipita watu ambao leo wangejaza uwanja. Mose Se Sengo, yaani Mose Fan Fan, mpiga solo aliyekuwa kwa Franco katika OK Jazz, alipitia hapo. Mwaka 1978 akaja Remmy Ongala, mtoto wa upande wa Kindu, jirani zetu wa Maniema, ameitwa na Mzee Makassy mwenyewe. Bendi moja ilikuwa na mkono uliofunzwa kwa Franco na sauti itakayokuja kuitwa Doctor Remmy. Na bado ukiwaambia watu jina la Makassy, wanakuuliza kama ni duka.

Sasa muziki wenyewe, maana bila huo haya yote ni historia ya pasipoti.

Chukua "Mambo Bado". Sikiliza mara ya kwanza besi peke yake. Besi haikimbii. Inapiga, inanyamaza, inaacha shimo, na ni katika shimo lile mwili wako unaingia. Mara ya pili fuata gita la katikati, lile tunaloita mi-solo. Linazungusha kifungu kidogo, kilekile, dakika nzima, kama mama anayetwanga: hakuna cha ajabu katika pigo moja, ajabu ni kwamba halikosei. Juu yake gita la solo linalia kengele, nyuzi nyembamba, safi, bila ule mngurumo wa gita za roki. Gita hizi tatu hakuna hata moja inayopiga wimbo mzima. Kila moja iko na kipande, na wimbo uko katikati yao. Ukizima moja, zile mbili zinabaki kama mtu anayeongea na simu: unasikia upande mmoja tu.

Na kuna matarumbeta na saksafoni. Hapa ndipo Makassy wanaachana na Kinshasa ya wakati wao. Kinshasa, tangu Zaiko Langa Langa waanze mwaka 1969, vijana walitupa vyombo vya upepo, wakaongeza kasi, wakaongeza makelele ya kuchezesha watu. Sikatai, ilikuwa mapinduzi. Lakini Wakongomani wa Dar walibaki na pembe zao, na nadhani sababu ni Kiswahili. Mtu wa Dar alitaka kusikia hadithi. Alikuja dansini akiwa na masikio pamoja na miguu. Basi ilibidi wimbo uende taratibu kwanza, maneno yasikike, kisha pembe zifunge sentensi kama nukta, ndipo sebene ifunguliwe. Kila mtu akila zamu yake.

Angalia pia majina ya nyimbo. "Kufilisika Sio Kilema". Kichwa hicho peke yake ni methali, mtu anaweza kukibandika nyuma ya pikipiki pale sokoni Baraka na hakuna atakayeuliza maana. "Mambo Bado" vilevile: maneno mawili ambayo kila mtu wa Fizi ameyasema angalau mara moja akiwa amebeba godoro kichwani. Hiki ni Kiswahili cha watu, chepesi kukumbuka, na hakiombi radhi kwa mtu wa pwani.

Si kila kitu ni dhahabu. Wakiimba Lingala, kama katika "Nakolela Cherie", bendi inakuwa nzuri ya kawaida. Inafanana na bendi nyingine kumi. Ufundi uko palepale, lakini ule mvutano wa gita la Kongo linalobembeleza sentensi ya Kiswahili unapotea, na kwangu mimi mvutano huo ndio bendi yenyewe. Pia studio iliwasafisha mno. Muziki huu ulizaliwa kwenye baa, usiku, wimbo mmoja ukienda mpaka mhudumu anachoka. Kwenye santuri unasikia wanaume wanaoangalia saa.

Santuri hiyo inaitwa *Agwaya*, ya mwaka 1982, na ilirekodiwa Nairobi. Kwa nini Nairobi na si Dar, kwenye makao yao? Kwa sababu Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi za Dar zilirekodi kwenye studio ya Radio Tanzania, wimbo ukachezwa redioni, jina likakua, na hapo ndipo mambo yalipoishia. Umaarufu ulikuwepo, bidhaa ya kuuza haikuwepo. Baada ya vita na Idi Amin, mwaka 1978 hadi 1979, nchi ilikosa hata fedha za kigeni, sembuse nyuzi za gita. Nairobi kulikuwa na studio, viwanda, makampuni ya kigeni. Makassy wakahamia. Remmy akabaki Dar.

Aliyetoa *Agwaya* ni Virgin ya London. Kumbukeni wakati: Bob Marley amefariki Mei 1981, na makampuni ya London yanatafuta mtu mwingine wa nchi maskini wa kuuzia vijana wa Ulaya. Island, kampuni ya Marley, ilimchukua King Sunny Adé wa Nigeria mwaka 1982. Virgin wakajaribu Afrika Mashariki: Makassy, kisha Super Mazembe na *Kaivaska*. Wasikilizaji wenye masikio walielewa. Sifa zikaandikwa, na mpaka leo ukifungua maandishi ya wapenzi wa gita za Afrika, *Agwaya* inatajwa kwa heshima. Lakini heshima hailipi kodi ya nyumba Nairobi. Santuri ya pili kwa Virgin haikuja. Na Nairobi yenyewe Mkongomani alikuwa mgeni wa vibali, leo unapiga, kesho unaulizwa karatasi.

Kuna watu watasema: bwana, kama walikuwa wazuri kweli wangefika. Hoja hiyo naisikia sana kati yetu wasomi, hasa wale waliopata kazi mapema. Basi tumwangalie Remmy, maana yeye ni jaribio ambalo historia ilitufanyia. Mtu yuleyule, shule ileile ya Makassy. Alibaki Dar, akaingia Matimila, bendi yenye jina la kijiji cha kusini mwa Tanzania. Kanda yake ikafika mikononi mwa watu wa WOMAD, tamasha la Peter Gabriel, na mwaka 1988 Super Matimila wakaenda Ulaya. Mwaka 1989 wakatoa *Songs for the Poor Man*, mwaka 1992 *Mambo*. Mwaka 1990 "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kondomu, Radio Tanzania wakakataa kuupiga, na nchi nzima ikaujua. Mpaka leo kuna kituo cha daladala Dar kinaitwa Sinza kwa Remmy.

Remmy alikuwa na kipaji, nani anakataa. Lakini sikiliza *Songs for the Poor Man* vizuri: zile gita zinazosukana chini ya sauti yake ni mtindo uleule niliowaeleza juu. Tofauti kati ya Matimila na Makassy ni kanda moja iliyobebwa na mtu anayejua mlango wa kugonga, na miaka sita ya kusubiri mpaka Ulaya ipate jina la kuuzia muziki wetu. Na hata Remmy hakupita bure. Kwenye *Mambo* kuna nyimbo za Kiingereza, na mimi naziruka. Mtu aliyesema na wanyonge kwa lugha yao anaanza kusema na wageni kwa lugha yao, na gita zinajua, zinakuwa na adabu ya ugenini.

Ugonjwa huu si wa Afrika peke yake. Brisbane, Australia, kulikuwa na The Go-Betweens, walioanza mwaka 1977. Gita zao pia zilikuwa safi, za kulia kengele, nyimbo fupi zenye akili. Wahakiki waliwaabudu, soko likawapita, wakavunjika 1989. Wakarudi mwaka 2000, na mmoja wa waanzilishi, Grant McLennan, akafariki 2006. Halafu mji wao ulifanya nini? Mwaka 2010 ukafungua daraja juu ya mto, wakaliita Go Between Bridge. Sisi daraja lenyewe kwanza, jina baadaye, najua. Ila angalieni nani alifanya kazi ya kukumbuka: watu wa nyumbani.

Kwetu kumbukumbu inarudi kwa njia ya mzaha. Mwisho wa 2024 vijana wa Kenya walifufua "Kasongo" ya Super Mazembe, wimbo wa mwanamke anayemwita mume wake arudi nyumbani, wakambandika Rais Ruto jina hilo. Ghafla watoto waliozaliwa baada ya 2005 wanaimba gita la Wakongomani wa miaka ya 1970. Wengi hawajui bendi ilitoka wapi. Kasongo wanafikiri ni neno la matusi, kumbe kwetu ni jina la mji, ni jina la mjomba.

Mtaniambia Makassy hawakuwa bendi ya Fizi. Kweli, na sidai hivyo. Ninachodai ni kwamba walipiga kwa lugha yetu, kwa gita letu, kwenye njia yetu ya maji, na sisi ndio tunaoweza kuwasikia bila mkalimani upande wowote: Lingala tunaelewa, Kiswahili tunaelewa, na ile hali ya kuwa mgeni Kigoma na mgeni Kinshasa tunaijua pia. Mhakiki wa London alisikia gita nzuri. Hakusikia "Mambo Bado".

Tena muda unakwenda. Redio zilizokuwa zinaleta bendi za Dar ng'ambo hii usiku, wazee waliozisikiliza bado wako, wachache. Kanda zilizokuwa majumbani ziliungua mwaka 1996 au zilibaki njiani kuelekea Nyarugusu. Mose Fan Fan alifariki Nairobi mwaka 2019. Remmy alifariki Desemba 2010, akiwa amegeukia nyimbo za injili. Nyimbo nyingi za Makassy unazopata leo kwenye simu zimewekwa na wapenzi wa santuri wa mbali, na mara nyingi chini ya wimbo hakuna jina la mpiga besi wala wa mi-solo.

Kila mwaka nasoma vichwa vya TFC vya wenzetu wa Uvira na Bukavu: athari za hiki kwa kile, mchango wa kile kwa hiki, "kesi ya Baraka". Hakuna hata kimoja nilichokiona juu ya wanamuziki waliovuka ziwa. Anayetafuta mada, hii hapa, haina mwenyewe, na mashahidi wake wanakaa kwenye vibaraza vya Katanga na Mwemezi mchana kutwa. Aanze na swali dogo: kwenye "Kufilisika Sio Kilema", yule wa gita la katikati ni nani?