Tuseme "Huria", Si "Bure"

Programu zinazotungwa kwa hiari wakati wa mapumziko na kugawiwa wote, wafasiri wengine huziita "za bure". Hatukubaliani nao. Chukua mfano wa OpenStreetMap, ramani iliyojengwa kwa desturi hiyohiyo. Kuanzia 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map walichora humo nyumba na njia za Serengeti na Tarime. Wenyeji wakaongeza majina ya vijiji. Ramani hiyo ilisaidia kuwafikia wasichana waliokimbia ukeketaji na kuwapeleka nyumba salama, Mugumu. Je, hiyo ni kazi bure? "Bure" hutaja bei, tena hudokeza hasara. Haki ya kila mtu kutumia, kusahihisha na kugawa hailitaji. "Huria" huitaja. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulikwisha kulitumia neno hili. Basi, tuseme "programu huria".