Dakika Tano za Leba

Muuguzi mkunga anaporipoti leba kwa mara ya kwanza huwa ameshafaulu mitihani na leseni anayo. Mwulize afanyeje mtoto akizaliwa bila kupumua, atakutajia hatua zote bila kukwama: mkaushe, mpe joto, msugue mgongo, safisha njia ya hewa ikibidi, kisha mfuko na barakoa, yote ndani ya dakika ya kwanza. Lakini mtoto anapotoka kimya, amelegea, na mama anauliza mbona halii, inahitajika elimu ya vidole. Hiyo hufundishwa wodini, na watu wanaoifundisha vizuri nawavulia kofia.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ilipata ujasiri wa kulipima jambo hili. Mwaka 2010 wakunga wake walipata kozi ya siku moja ya Helping Babies Breathe, mpango wa kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Miezi kadhaa baadaye walijaribiwa kwa mwanasesere, wakafanya vizuri kuliko awali. Ila waliofuatilia kazi yenyewe, kwa watoto halisi, hawakuona mabadiliko. Wengine wangefunga jalada na kuwalaumu wauguzi. Haydom walibadilisha mafunzo: mwanasesere akahamia wodini, na mazoezi yakawa ya dakika tatu hadi tano, kila wiki, katikati ya kazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Tena watoto waliosuguliwa na kusafishwa njia ya hewa waliongezeka, na waliopewa hewa kwa mfuko wakapungua.

Dakika tano! Lakini zitazame zinavyotumika.

Mwanasesere hujazwa maji, akawa mzito na mlegevu kama kichanga. Muuguzi mlezi, yule anayewafundisha wauguzi wageni, hushika vibofu vidogo vilivyounganishwa naye; akibonyeza kimoja mtoto anapumua, akibonyeza kingine kitovu kinadunda. Leo ameamua kumnyima pumzi. Mgeni anakausha, anasugua, kimya. Anaweka barakoa, anaminya mfuko.

"Sista, bado hapumui."

"Kifua kinainuka, mdogo wangu?"

Anauliza hilo tu, wala haupokonyi mfuko. Mgeni anainama, anaona kifua kimetulia tuli. Anaisogeza barakoa na kuibana upya, maana hewa ilikuwa ikivujia shavuni. Anakiweka kichwa sawa, kikiinama nyuma kidogo tu, kwa sababu kikizidi koo linajibana. Anaminya tena, na kifua kinapanda. Sasa anahesabu kwa sauti, mwendo wa pumzi 40 kwa dakika, na mlezi anabonyeza kibofu chake: mtoto amepumua.

Kinachonishangaza ni mikono ya mlezi. Mikono hiyo imeshapokea watoto wasiohesabika, na ingeliweza kulimaliza tatizo mara moja. Kuituliza, ukamwacha mwenzako akosee na kugundua mwenyewe, ni ustadi mgumu kuliko kuminya mfuko. Na mlezi huyohuyo, akizaliwa mtoto wa kweli, husimama bega kwa bega na mgeni; sekunde zikianza kwenda bure hupokea kazi papo hapo bila kuomba radhi. Kujua lini usubiri na lini uingilie kati, hiyo ndiyo kazi yake hasa.

Mengine hujifunzwa kwa kumfuata nyuma: jinsi anavyouziba mdomo wa barakoa kwa kiganja kila zamu inapoanza, ahakikishe mfuko hauvuji, jinsi makabidhiano yanavyofanyika kando ya kitanda, mama mwenyewe akisikia, jinsi anavyoandaa meza ya mtoto kabla mama hajaanza kusukuma, hata pale ambapo hakuna dalili yoyote ya shida.

Waganga wafawidhi na matroni, kama mwanasesere wenu yuko kabatini chini ya kufuli, mtoeni leo akae leba, jirani na meza ya kuhudumia vichanga. Kisha liandikeni jina la mlezi kwenye ratiba ya zamu, na dakika zake za kufundisha zihesabiwe kuwa kazi.