Jani, Kijani na Kijijani: Uhakiki wa Istilahi za Kutambulisha Mimea

Kwa muda mrefu istilahi zetu za mimea zimepimwa kwa swali moja tu: je, mmea huu una jina la Kiswahili? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Kusudi la makala haya ni kuonyesha kuwa upungufu wetu mkubwa hauko katika majina ya mimea, bali katika maneno ya kueleza sehemu zake, ambayo kwayo jenasi moja hutambuliwa na kutengwa na nyingine.

Tuanze na kazi zilizotangulia. Mwaka 1940 P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea katika kituo cha utafiti cha Amani, alitoa chapa ya pili ya kamusi yake inayolinganisha majina ya mimea ya Kiswahili na yale ya kitaalamu. Kazi hiyo imewafaa wengi, na inastahili heshima. Hata hivyo humchukua msomaji kutoka jina hadi jina. Aliyeshika tawi mkononi bila kujua linaitwaje hapati mlango wa kuingilia. Mlango huo umo katika Flora of Tropical East Africa, iliyotolewa sehemu kwa sehemu kuanzia mwaka 1952 hadi 2012, ikieleza spishi zaidi ya 12,000 za Tanzania, Kenya na Uganda. Humo msomaji huulizwa maswali mawili mawili yanayopingana: jani ni moja au limegawanyika? Tunda lina mbawa au halina? Kila jibu humsogeza hadi afike kwenye jenasi. Lakini maswali yote hayo ni ya Kiingereza, na mfasiri anayetaka kuyaleta katika Kiswahili hukwama katika neno la kwanza kabisa, yaani jani.

Uzito wa jambo hili waonekana vizuri huko Masasi na Newala. Wenyeji wa uwanda wa juu wa Makonde na nchi iliyo chini yake huchimba ming'oko porini, wakaichemsha na kuila, na hata kuiuza sokoni. Mng'oko ni Dioscorea hirtiflora. Katika jenasi hiyo hiyo kuna ndiga, Dioscorea dumetorum, ambaye viazi vyake vya porini vina sumu na havifai kuliwa kabla ya kulowekwa na kupikwa kwa uangalifu mkubwa. Mimea hii miwili ni ndugu: yote hutambaa, yote ina maua madogo, ya kiume na ya kike yakiwa katika mimea mbalimbali, na yote huzaa tunda kavu lenye mbawa tatu. Kwa hiyo anayejua jenasi peke yake bado hajasalimika. Tofauti iliyo wazi imo katika jani. La mng'oko ni moja, lenye umbo la moyo. La ndiga limegawanyika sehemu tatu kamili juu ya kikonyo kimoja.

Sasa tuseme mfasiri anaandika, "Ndiga ana majani matatu." Sentensi hii ni sahihi kisarufi, lakini haina maana. Mmea gani utambaao wenye majani matatu tu? Msomaji atadhani kuwa mmea bado ni mchanga, au atahesabu majani ya mng'oko na kuyakuta matatu kwenye ncha ya mtambao. Daktari wa Mkomaindo akisimuliwa hivyo kuhusu mzizi uliomdhuru mgonjwa, hatapata chochote cha kumwongoza. Kosa hapa si la mfasiri; ni la neno jani, lililobebeshwa mzigo wa jani zima, wa sehemu ya jani, wa nyasi, na hata wa chai.

Wako wanaopendekeza kijani kwa kila sehemu ya jani lililogawanyika. Kwa kanuni za udogo neno hilo halina dosari, lakini tayari limeshikwa na rangi. "Kijani cha ndiga" kitasomwa kuwa rangi ya ndiga. Pendekezo jingine ni kipande cha jani, ambalo humfanya msomaji afikiri jani limechanika. Maoni yangu ni kwamba tuchukue kijijani, wingi vijijani, kwa mfano wa kijitabu, ambalo limekubalika pasipo malalamiko. Jani lisilogawanyika liitwe jani sahili, na lenye vijijani liitwe jani ambatani.

Istilahi haitoshi bila kipimo chake, na kipimo hiki mkulima anacho. Kila apandaye muhogo huhesabu macho ya kipando chake, na jicho hukaa pale kikonyo cha jani kilipoungana na shina. Chini ya jani kuna jicho. Chini ya kijijani hakuna. Kwa kipimo hicho mwalimu ataonyesha kuwa jani la muhogo, japo lina vidole, ni jani sahili, maana vidole vyake vimeungana katika bamba moja. Na kuwa jani la mbuyu ni ambatani, lenye vijijani 5 hadi 7 mara nyingi.

Jambo la pili ni neno aina. Katika maandishi mengi hutumika kwa jenasi, kwa spishi, na kwa mbegu bora za korosho pia. Maneno jenasi na spishi yamekwisha kuingia shuleni, na yaachwe yafanye kazi yake. Aina libaki katika mazungumzo ya kawaida.

Wala tusidhani kuwa kila kitu kinapaswa kukopwa. Watu wa kusini hutenga bibo na korosho, na wako sahihi kuliko vitabu vinavyoliita bibo tunda. Tunda halisi la mkorosho ni lile lenye korosho ndani yake. Bibo ni kikonyo kilichovimba. Sifa hiyo ni miongoni mwa zile zinazoitenga jenasi Anacardium na Mangifera, jenasi ya mwembe, ingawa zote mbili ni za familia moja.

Napendekeza basi kwamba kabla ya kuongeza majina mapya ya mimea, tusanifu kwanza maneno ya jani, ua, tunda na shina, na kila neno lijaribiwe shambani na watu wanaoijua mimea hiyo kwa kuila. Neno linalomwezesha mtoto wa Newala kumtenga ndiga na mng'oko limefaulu. Lisilomwezesha, hata likiwa limepitishwa, lirudishwe mezani.