Namna ya Kupima Somo Ulilorushiwa

Mwalimu wa Magu, mkoani Mwanza, siku hizi hakosi somo la kurushiwa. Kabla watoto hawajapanga mstari, simu imeshapokea video ya mzunguko wa damu, picha ya andalio la somo la Hisabati, sauti ndefu ya mwalimu wa Kisesa akieleza alivyofundisha sehemu kwa kishikwambi, na faili ambalo hata aliyelituma hajui lilikotoka. Kila kimoja kina maneno yaleyale chini yake: "Itawasaidia walimu." Baadhi kweli yatawasaidia. Mengine yatakula bando na muda, kisha yatamwacha mwalimu mchanga akidhani tatizo ni yeye.

Kuwapa wenzako somo ulilolifundisha, likafika kwao likiwa bado linafundishika, ni ufundi. Una mabingwa wake, wengi wao hawajulikani nje ya kata zao, na kazi yao hutambulika haraka ukijua pa kutazama. Nawaandikia walimu wa madarasani, Maafisa Elimu Kata, na wale wanaoongoza vikao vya Jumuiya za Ujifunzaji chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini.

Anza kusoma mwishoni. Andalio la somo tulilolizoea linamalizika kwa tathmini na maoni, na hapo ndipo kazi ya kweli inapojitenga na ya kujaza karatasi. Ukikuta "Somo limeeleweka vizuri, tutaendelea na kipindi kijacho," punguza matumaini. Sentensi hiyo huandikwa kwenye maandalio ya nchi nzima, pengine hata kabla ya kengele ya kipindi kulia. Mthibiti Ubora ataipitisha, ila mwenzako wa kata ya Kabila au Ng'haya hapati chochote ndani yake. Anachohitaji kujua ni watoto walikwama wapi, walikwama vipi, na wewe ulifanya nini baada ya hapo.

Tuchukue mfano wa somo la upepo wa nchi kavu na upepo wa ziwa, somo ambalo shule za ukanda wa Ghuba ya Speke, kando ya Ziwa Victoria, zinaweza kulifundisha vizuri kuliko karibu shule nyingine zote nchini. Mwalimu anasimama mwaloni alfajiri, anarekodi kwa simu sekunde chache za moshi wa jiko la mama anayekaanga vitumbua. Moshi unaelekea ziwani. Anarudi alasiri, anasimama palepale, anarekodi moshi uleule ukielekea vijijini. Video mbili fupi, hazina maneno wala muziki. Darasani anaonyesha ya kwanza, anauliza, anaonyesha ya pili, anauliza tena, kisha watoto wanachora ramani ndogo yenye ziwa, nchi kavu na mishale ya upepo.

Mpaka hapo ni somo zuri. Linalolifanya liwe la kushirikishana ni maoni yake. Fikiria mwalimu huyo ameandika hivi: zaidi ya nusu ya darasa walichora mshale wa usiku ukitoka ziwani kwenda nchi kavu, ingawa video waliiona kwa macho yao. Nilipowauliza, walisema maji ni baridi usiku, kwa hiyo baridi inatoka ziwani. Nikamsimamisha mtoto anayesaidia kupokea mitumbwi ya dagaa alfajiri, akawaambia wenzake kwamba saa hizo mchanga unauma miguu kwa baridi lakini maji yana uvuguvugu. Hapo ndipo mishale ilipoanza kugeuka.

Maelezo ya namna hiyo yana thamani kuliko video zenyewe. Yanamwambia mwalimu mwingine kosa litakalojitokeza kabla halijajitokeza, sababu yake, na mlango wa kutokea. Kosa lenyewe lina mantiki: ardhi hupata joto haraka na hulipoteza haraka, maji huchelewa katika yote mawili, na mtoto ambaye hajashika maji ya ziwa usiku hana namna ya kulijua hilo. Mwalimu aliyeandika maoni haya aliwasikiliza watoto wake. Mimi simwamini mwalimu ambaye masomo yake yote anayorusha yamefaulu.

Ukitoka kwenye maoni, panda juu kabisa. Andalio lina jedwali dogo la idadi ya wanafunzi: waliosajiliwa na waliohudhuria, wasichana na wavulana. Watu wengi wakipiga picha andalio ili walirushe hulikata jedwali hilo wakiona ni mambo ya ofisi. Ni hasara. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, madarasa mengi ya shule za msingi yamefurika, na somo la kishikwambi kimoja kwa watoto 35 halina uhusiano na somo la kishikwambi hichohicho kwa watoto 110. Mwandishi mzuri anaacha namba, kisha anasema aliwakalishaje. Je, kifaa kilizunguka kwa makundi? Waliobaki walikuwa wanafanya nini? Kipindi cha dakika 40 kiligawanywaje? Asiposema, jua kwamba ama darasa lake ni dogo, ama somo hilo hakulifundisha.

Kuna maswali ya umeme na mtandao pia, na hapa Magu ina jiografia yake. Shule zilizopo kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, pale Kisesa, Nyanguge na Magu mjini, haziko sawa na zilizo kata za ndani. Somo lililozaliwa Kisesa likiwa linategemea projekta litaishia Kisesa. Bingwa wa kazi hii huandika mstari mmoja wa ziada: kama huna umeme, chora picha hizi mbili kwenye manila, kama una simu moja tu, ionyeshe kundi moja huku mengine yakijibu swali la tatu. Mstari huo unaonyesha kwamba aliwafikiria wenzake walio mbali naye.

Pima uzito wa faili pia. Video ya dakika kumi na tano ambayo sehemu yenye faida ni ya dakika moja ni kuwanyang'anya wenzako bando lao. Picha ya ubao isomeke kwenye simu ndogo yenye kioo chenye nyufa, katikati ya jua la saa nane. Sauti isianze na salamu za dakika mbili. Haya ni mambo ya adabu, na nimeona kwamba anayeyazingatia mara nyingi ni yuleyule anayezingatia na mengine.

Sasa teknolojia yenyewe. Jiulize ilifanya kazi gani ambayo chaki isingeweza. Moshi wa alfajiri na wa alasiri hauwezi kuonekana ndani ya kipindi kimoja bila kurekodiwa. Hapo simu imestahili nafasi yake. Lakini kupiga picha ukurasa wa kitabu cha Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) na kuukuza ukutani ni kunakili ubao kwa gharama kubwa zaidi. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 vilipogawiwa walimu, masomo mengi yaliyoanza kuzunguka yalikuwa ya namna hii, na haikuwa ajabu, maana kifaa kipya hutumika kwanza kwa kazi ya zamani. Kinachofaa kutazamwa leo ni kama mwandishi ameshavuka hapo.

Video za kuazima zina kipimo chake. Ubongo Kids, katuni ya elimu ya televisheni, imekuwapo tangu 2014, inafundisha kwa Kiswahili, watoto wanaipenda, na mwalimu anayeitumia hahitaji kuona haya kwamba hakuitengeneza yeye. Tatizo ni andiko linalosema "watazame video" na kuishia hapo. Andiko zuri linataja mahali pa kusimamisha, yaani kabla mhusika hajatoa jibu, na linataja swali litakaloulizwa wakati picha imeganda. Kazi yote ya mwalimu imo ndani ya ukimya huo. Video iliyopita bila kusimamishwa imefundisha yenyewe, na haikujua nani ameachwa nyuma.

Halafu kuna kazi za bandia. Maandalio yanauzwa, na programu za akili mnemba siku hizi zinaandika andalio zima kwa sekunde chache, Kiswahili kikiwa kimenyooka na vichwa vyote vikiwa mahali pake. Sipingi kuzitumia kupata mifupa ya somo. Ila mifupa haijafundishwa bado, na kuituma kwa wenzako kana kwamba umetoka nayo darasani ni kuwadanganya. Dalili zake zinaonekana. Zana zinazotajwa hazipo katika shule yoyote ya kata. Majibu ya wanafunzi yamenyooka mno. Mifano haina mahali: shamba lisilojulikana kama ni la pamba au la mpunga, samaki asiye sato wala sangara, soko lisilo na jina. Umahiri unaotajwa ni wa muhtasari wa zamani, ilhali mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024. Na kwenye maoni, somo limeeleweka vizuri.

Ushahidi bora wa kazi ya kweli ni daftari la mtoto lenye kosa. Ukurasa mmoja, umepigwa picha kwa mwanga wa dirishani, mshale umefutwa kwa kidole kilicholowa mate hadi karatasi ikaota tundu, ukachorwa upya upande wa pili. Ukurasa huo utakuonyesha somo kuliko picha ishirini za watoto wamenyoosha mikono. Na jina lililoandikwa juu ya ukurasa lifunikwe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwapo, mtoto aliyekosea mbele ya mwalimu wake hakukubali kukosea mbele ya walimu mia tatu. Nikiona kazi yenye nyuso za watoto, majina na alama zao, naishusha daraja hata kama mbinu yake ni nzuri.

Sasa tuje kwa wanaopokea, maana ubora wa kazi hii hauko kwa mtumaji peke yake. Pale Bujora, Kisesa, kwenye mashindano ya ngoma ya Bulabo, makundi hasimu ya Wagika na Wagalu hucheza wakati mmoja, na kundi linalovuta watazamaji wengi upande wake ndilo lililoshinda. Kwa ngoma, umati ni hakimu wa haki. Kwa somo, umati hupotosha. Somo lililopata makofi mia ya vikaragosi na "Hongera sana Mwalimu" linaweza kuwa halijaingia darasa hata moja. Mimi hutafuta kitu kimoja: je, kuna aliyelichukua, akalifundisha kwake, akalirudisha likiwa limebadilika?

Wajapani wamejenga utaratibu wao wa ualimu juu ya jambo hili tangu karne ya 19. Walimu hupanga somo pamoja, mmoja hulifundisha, wengine huketi darasani wakiwatazama watoto badala ya kumtazama mwalimu, kisha hulirekebisha na mwingine akalifundisha upya. Kenya ilianza mpango wa SMASSE mwaka 1998 kwa ushirikiano na JICA, shirika la maendeleo la Japani, ukiwafundisha walimu wa Hisabati na Sayansi kupanga, kutenda, kuangalia na kuboresha. Mpango wa TESSA, ulioanza 2005 ukiongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikiwa miongoni mwa washirika, ulitoa masomo ya walimu kwa Kiswahili yenye leseni inayomruhusu mtu kuyabadilisha. Leseni hiyo inabeba msimamo ninaoukubali kabisa: somo lililogandishwa lisiguswe halijatengenezwa kwa ajili ya walimu.

Kwa hiyo unapopima kundi zima la walimu, la shule au la klasta, fuatilia somo moja tu kwa muhula. La upepo likifika shule isiyo karibu na ziwa, mwalimu wa huko hana mwalo. Akiandika kwamba alitumia beseni la mchanga na beseni la maji, akayaacha juani tangu asubuhi, watoto wakaweka mikono mchana na tena jioni, na kwamba safari hii walikwama mahali pengine kabisa, hilo kundi ni hai. Na akiwa hana simu janja, akasoma andiko lililobandikwa ukutani ofisini na kujibu kwa kalamu chini yake, ushirikiano ni uleule. Teknolojia iliyohitajika ilikuwa ile ya kurekodi moshi, siyo lazima ya kupokea habari zake.

Dalili mbaya kwa kundi ni mbili. Ya kwanza ni kundi ambalo wanaorusha ni walewale watatu, na wengine wote ni wa kushukuru. Ya pili ni kundi ambalo Afisa Elimu Kata ametaka kila mwalimu arushe somo kila Ijumaa. Kundi hilo litajaa, na ndani ya mwezi mmoja litajaa "somo limeeleweka".

Ukiletewa kazi dhaifu, usiinyamazie, na usimwaibishe aliyeituma mbele ya kundi. Mwandikie pembeni. Anza kwa kutaja sehemu moja utakayoitumia kweli, kisha muulize: "Mwalimu, wangapi walikosa swali la pili, na waliandika nini?" Aliyelifundisha somo atakujibu siku hiyohiyo, pengine kwa maneno mengi kuliko andiko lake la kwanza, na jibu hilo ndilo ungemwomba aliweke kwenye kundi. Asiyelifundisha atakaa kimya. Msubiri wiki moja, kisha mwombe mlifundishe pamoja, kwake au kwako.